Moto Ulianzia Ngamani

Mwaka 1982 kipande cha sabuni kilikuwa kitu cha kupangia foleni. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha tangu 1979, lakini gharama zake tulikuwa bado tunazilipa: dizeli haba, sukari ya mgao, nguo za kubahatisha. Sabuni ilipoadimika madukani, watu wa Dar es Salaam walianza kujipikia ya kwao majumbani kwa mafuta ya nazi. Mafuta hayo hutoka kwenye mbata, na mbata ilikuwa kwetu Mafia. Bei ikapanda, na kila mwenye shamba la minazi akaona riziki yake imefunguka.

Uhaba huohuo wa dizeli ndio ulioyarudishia majahazi heshima yao. Vyombo vya injini vilikaa mchangani vikisubiri mafuta, vya tanga vikawa havipumziki. Pepo za kusi hazikuhitaji kibali cha mtu.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba mwaka uliotangulia, sikuchaguliwa kwenda sekondari, na mama akaamua niende mjini kwa mjomba wangu nikatafute kazi. Fedha ya nauli haikuwapo. Nahodha mmoja, aliyekuwa na udugu wa mbali na mama, akakubali kunichukua kwa sharti kwamba nimsaidie mpishi: nichote maji, nimenye mihogo, nioshe masufuria, nisiwe njiani wakati wa kutweka tanga.

Nahodha huyo alikuwa mtu wa Jibondo. Wasioijua Jibondo, ni kisiwa cha mawe kusini mwa Mafia, siku zile hakikuwa na maji ya kunywa ya kutosha, na maji ilibidi yaletwe kwa chombo. Watoto wa pale hukulia baharini, na mafundi wao wa kuunda vyombo wanajulikana mwambao mzima. Jahazi lenyewe lilikuwa la miaka mingi. Mataruma yake yalikuwa ya mtondoo, mbao zimeshikwa kwa misumari ya chuma, na kila mwanya umekalafatiwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Chini lilipakwa deheni ya shahamu na chokaa. Juu, sifa ya papa, ambayo harufu yake haitoki nguoni kwa kufua mara moja. Nayaeleza haya kwa sababu vitu hivyo vyote, ambavyo kazi yake ilikuwa kuzuia maji yasiingie, ndivyo vilivyokuja kuulisha moto.

Mpishi alikuwa mzee wa Kirongwe, na sote tulimwita Babu. Jiko lake lilikuwa sanduku la mbao lililojazwa mchanga, na mafiga matatu juu yake, limefungwa kwa kamba omoni, mbele ya mlingoti. Alikuwa na utaratibu wake wa kuzima moto, na niliuona kila alipopika. Alimwagia makaa maji mpaka yanyamaze. Kisha alichota mchanga wa pembeni kwa kifuu na kuyafukia. Kisha alikunja mkono wa kanzu, akakiweka kiganja chake juu ya mchanga na kukiacha pale, huku akizungumza na wewe mambo mengine kabisa, mpaka alipotosheka kwamba chini hakuna kitu. Ndipo aliponiambia, “Haya mjukuu wangu, sasa tule.” Nilikuwa na njaa ya kijana wa miaka ile, na kiganja kile kilinichelewesha sana kula.

Sasa niseme kidogo juu ya mbata, maana bila kuielewa mtu hataelewa kilichotokea.

Nyama ya nazi mbichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Mbata iliyokauka sawasawa hubakiwa na maji ya asilimia 6 au 7 tu, na zaidi ya asilimia 60 ya uzito wake ni mafuta matupu. Kutoka hali ile hadi hii kuna kazi ya siku nyingi: kufua, kupasua, kuanika nusu kwa nusu zikitazama juu, kuanua jioni kwa sababu ya umande, kuanika tena. Jua likiwa haba, huwekwa uchagani kwa moshi wa vifuu. Wazee waliipima kwa mkono na sikio. Ukivunja kipande kikalia kavu, tia guniani; kikipinda, kirudishe juani. Mbata inayotiwa guniani na unyevu wake huota ukungu, na ukungu huzaa joto. Magunia yakishindiliwa ngamani, yaani tumboni mwa chombo, joto lile halina pa kutokea, linapanda saa kwa saa. Likipanda vya kutosha, mafuta yenyewe nayo huanza kutoa joto kwa kukutana na hewa, na hapo hakuhitajiki kiberiti cha mtu.

Serehangi wetu, msimamizi wa mabaharia, mtu mrefu asiyecheka ovyo, aliwahi kunieleza tabia za shehena tukiwa tumekaa tunasokota kamba. Boriti za Rufiji, alisema, hazina fitina. Ukizipanga vizuri utalala. Chumvi hula misumari. Chokaa isiyozimwa ikiingiwa na maji hupika mbao, na usidiriki kuizimia maji. “Lakini mbata,” alisema, “ile ni mali ya kuamkiwa usiku.” Alikuwa na maana kwamba mwenye kuibeba lazima aamke kuitazama.

Mwaka ule, baada ya Idd, mchoo ulitunyeshea siku zilezile za kuanika. Mvua ya mchoo si kubwa. Hupita, jua hutoka, mtu akadhani imekwisha, kisha hurudi. Kwa mbata ni mbaya kuliko masika, kwa sababu masika hakuna anayejaribu kuanika. Tajiri aliyekuwa akikusanya mbata ya vijiji vile alikuwa ameahidi mzigo mjini, na waliomwahidi bei walikuwa wakimwandikia. Akaamuru magunia yashonwe.

Tulipakia Kilindoni. Siku zile vyombo vilingoja maji yapwe, vikakaa mchangani, na wachukuzi wakabeba magunia kichwani kupita kwenye matope na maji ya magoti. Ilikuwa bamvua, mwezi wa mfungo mosi umepevuka, kwa hiyo maji yalikuwa yamekupwa mbali sana asubuhi ile. Magunia yalikuwa zaidi ya 500. Niliona migongo ya wachukuzi iking’aa, nikadhani ni jasho lao. Lilikuwa pia la magunia.

Serehangi alilisimamisha gunia moja, akafungua mshono kidogo, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Aliutoa, akaunusa.

“Nahodha,” alisema, “mali hii bado ina maji. Tena ndani ina uvuguvugu.”

Tajiri alikuwa amesimama palepale na daftari lake. “Uvuguvugu wa jua huo,” alijibu. “Na upepo wa baharini utaimalizia. Kama nyinyi hamtaki, yule pale atachukua.” Akaonyesha jahazi jingine lililokaa karibu.

Nahodha alitazama jahazi lile, akatazama bahari. Sitamlaumu. Alikuwa na deni la tanga jipya, na mabaharia wake hawakuwa wamegawana kitu tangu kabla ya Ramadhani. Alisema tu, “Pangeni kwa nafasi, ipite hewa.” Lakini magunia 500 katika jahazi lile hayakuwa na nafasi ya kuacha. Yalijaa ngama, yakapanda mpaka usawa wa ubavu, yakafunikwa kwa turubai, na juu ya turubai zikawekwa mikeka, makuti, matenga ya kuku na abiria, wengi wao wanawake wanaokwenda kwa jamaa zao mjini.

Maji yalijaa alasiri, saa kumi, tukaelea, tukatweka. Kutoka Kilindoni mpaka Dar es Salaam ni kilomita 130 hivi, na kusi ilikuwa nyuma yetu, nzuri. Foromali ililia, tanga likashiba, abiria wakaanza kutapika. Babu alipika mapema, kabla ya magharibi, ugali wa muhogo na papa mkavu, kwa sababu aliona upepo unazidi. Alipomaliza alimwaga maji, akafukia mchanga, akaweka kiganja. Jioni ile alikiweka muda mrefu kuliko kawaida, kisha akalifunika sanduku zima kwa gunia tupu lililoloweshwa maji ya bahari. Nilimshika mkono kumwinua. Haya niliyaona kwa macho yangu.

Tulipita Koma usiku umekwisha kuingia. Saa tano hivi usiku tukatia nanga kaskazini mwa kisiwa cha Kwale, tukijificha upepo, maana Nahodha hakupenda kuzunguka miamba usiku na hakuwa na haraka ya kufika mjini kabla ya mapambazuko. Abiria walilala. Mimi nililala omoni, mgongo nimeuegemeza kwenye sanduku la jiko kwa sababu lilinikinga na upepo, na miguu nimeinyoosha nyuma, juu ya turubai.

Kilichoniamsha ni nyayo. Nilihisi zinachoma, nikadhani nina homa. Mgongo wangu ulikuwa baridi; lile gunia la maji lilikuwa limenilowesha fulana, na mbao za sanduku zilikuwa baridi kama usiku wenyewe. Nikagusa turubai kwa kiganja. Lilikuwa moto, tena lina majimaji kwa chini, na ukilibonyeza linatoa pumzi. Halafu nikasikia harufu. Haikuwa ya moshi. Ilikuwa harufu ya nyumba ya harusi alfajiri, wanawake wanapokamulia nazi sufuria kubwa na mafuta yanaanza kujitenga.

“Babu,” nilimtikisa. “Babu, magunia yana moto.”

Mzee aliamka mara moja, na jambo la kwanza alilofanya, kabla ya kusema neno, ni kuondoa lile gunia bichi na kutia mkono wake wote ndani ya mchanga wa jiko, mpaka chini kabisa. Akautoa. Akanishika mkono wangu mimi, akautia palepale. Mchanga ulikuwa baridi. Sijui kama aliniwekea ushahidi makusudi au ilikuwa desturi yake tu ya kuanza na jiko. Kisha akagusa turubai, akavuta pumzi, akaniambia kwa sauti ya chini, “Kamwamshe Nahodha. Usipige kelele, kuna watoto.”

Serehangi na mabaharia walihamisha abiria, wakakunja turubai upande wa nyuma ya mlingoti, ambako joto lilikuwa kali zaidi. Ukatoka mvuke mweupe, mzito, wenye uchachu uliotuchoma macho. Moto haukuonekana. Nahodha akasema yatolewe magunia ya katikati, yatupwe baharini, mpaka tufike penye shina lake.

Aliyeshuka kwanza alikuwa baharia kijana, mpwa wa Nahodha, aliyekuwa ameoa mwaka uleule. Alijipenyeza kati ya magunia na ubavu wa chombo, akasukuma juu gunia moja, la pili, la tatu. La nne lilifika nusu, likarudi chini. Tukamwita. Hakuitika. Sote tulidhani amepumzika, kwa sababu hakukuwa na mwali wowote wa kumtisha mtu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mbata inayojipika hula hewa yote ya ngamani na kuacha sumu isiyoonekana, na kwamba mtu mwenye afya anaweza kulala humo kwa pumzi chache tu.

Serehangi alijifunga kamba kiunoni, akajifunga puani kanga iliyoloweshwa, akashuka. Tulimvuta mikono mitupu. Akashuka tena, tukamvuta anakohoa damu. Mara ya tatu alimtoa. Walimlaza omoni, karibu na mimi. Nahodha alimpiga mashavu, akamwita kwa jina la utotoni, akamfumba macho, akasimama kuendelea na kazi. Sijapata kumwona mtu akisimama namna ile.

Kwa kuyatoa magunia tulikuwa tumeufungulia moto njia ya hewa. Haikupita muda, sauti kama ya kitambaa kinachopasuliwa ikatoka chini, na mwali ukapanda urefu wa mtu. Ndoo zikaanza kupita mkono kwa mkono. Maji yalipotua juu ya mafuta yaliyokwisha kuyeyuka yaliruka na kutawanya moto badala ya kuuzima, na mmoja wa mabaharia aliungua kifua. Nahodha akapiga ukelele ndoo ziachwe, wanawake na watoto waingizwe kwenye kihori, wanaojua kuogelea washike ubavu wake. Babu ndiye aliyewapokeza watoto. Aliwahesabu kwa kuwagusa vichwa.

Nahodha alijaribu jambo moja la mwisho, nalo lilikuwa la busara. Alitaka kulitoboa jahazi lizame pale penye maji haba, ili siku moja liweze kuelezwa tena na kufanyiwa matengenezo. Yeye na Serehangi waliingia tezini na shoka. Tuliwasikia wakipiga. Lakini mbao zile zilikuwa nene, na moshi uliwatoa kabla shoka halijaona maji. Walipojirusha baharini, nywele za Nahodha zilikuwa zimeungua upande mmoja.

Hatukuhitaji kupiga mbiu. Wavuvi wa Kwale walikuwa wameuona mwanga, na ngalawa zao na madau yalitufikia upesi, wanaume wakipiga kasia upepo ukiwa nyuma yao pindi walipotoka kwenye kivuli cha kisiwa. Walituokota mmoja mmoja. Mwili wa yule kijana walikuwa wameuteremsha kabla ya kitu kingine chochote. Abiria hakupotea hata mmoja.

Kutoka ufukweni tulilitazama. Moto ulifuata pamba ya kalafati kwanza, ukachora mistari ya mbao ubavu mzima, ukawa unaweza kuzihesabu. Tanga lililofungwa kwenye foromali likashika, jarari ikakatika, foromali ikaanguka na cheche zikapanda juu kuliko mnazi. Mlingoti ulibaki umesimama peke yake mpaka adhana ya alfajiri ya Kwale. Mafuta yalikuwa yametanda majini kuzunguka chombo, na pale yalipotanda viwimbi vilikuwa vimelala kabisa, ingawa pembeni kusi ilikuwa inayachafua maji kama kawaida. Mawimbi yaliyofika ufukweni yalituachia miguu yenye mafuta.

Tulimzika yule kijana Kwale asubuhi ileile. Watu wa Kwale walitoa sanda, walitupa uji na nguo, hawakuuliza lolote. Maji yalipokupwa saa nne tulikwenda kulitazama jahazi. Sehemu iliyokuwa chini ya maji ilikuwa imebaki: mkuku, matako ya mataruma, na tabaka la mbata nyeusi iliyogandamana. Wavuvi waliomba ruhusa ya kuokota misumari, kwa kuwa chuma kilikuwa adimu, na Nahodha akawaruhusu kwa kutikisa kichwa.

Lililofuata ndilo linaloniuma mpaka leo.

Tuliporudi Mafia kiliitishwa kikao. Walikaa mwenye jahazi, tajiri wa mbata, wazee na afisa mmoja aliyetumwa kuandika. Swali lilikuwa moja: moto ulitoka wapi? Kama ulitoka kwenye mzigo, tajiri alikuwa na mengi ya kujibu, maana alionywa mbele ya watu. Angetakiwa kufidia chombo, na angetakiwa kuutazama uso wa mjane. Kama ulitoka jikoni, basi ni ajali ya mabaharia wenyewe, na kila mtu arudi nyumbani na hasara yake. Nahodha alieleza alichokiona. Serehangi, sauti ikiwa bado haijamrudi vizuri, alieleza kuhusu gunia alilotia mkono. Tajiri akauliza swali ambalo kila mmoja aliliona la akili: “Mzigo unawakaje wenyewe? Nani aliwahi kuona nazi ikijiwasha?” Akauliza tena: “Ndani ya chombo kizima, ni nani aliyekuwa na moto?”

Waligeuka wote kumtazama Babu.

Alisema, “Jiko langu lilikuwa limelala. Nililigusa jioni, na nililigusa usiku.” Hakuongeza. Sikuitwa kutoa ushahidi. Mtoto wa chomboni haitwi kwenye kikao cha wazee, na mama alinishika mkono nilipotaka kuingia. Ikaandikwa kwamba chanzo ni moto wa kupikia. Karatasi ikapigwa muhuri.

Babu hakuchukuliwa tena na chombo chochote. Hilo angelistahimili, alikuwa mzee tayari. Lakini kwao Kirongwe alikuwa ndiye mpishi wa shughuli. Pilau ya harusi au ya hitima haikuungwa bila yeye kuwapo. Wakaacha kumwita. Hakuna aliyemtukana. Waliona haya tu kumweka mbele ya moto mtu ambaye, kwa wanavyojua wao, aliua. Mama wa marehemu hakumwitikia salamu tena kamwe.

Mimi nilifika mjini kwa chombo kingine, na baada ya kuhangaika nikapata kazi ya kuhesabu shehena bandarini. Ofisini kulikuwa na vitabu vya mizigo ya hatari vinavyofuatwa na meli za dunia nzima, vyenye majina ya tindikali, baruti, gesi. Siku moja, nikitafuta kitu kingine, nikaliona jina la mbata. Imo katika kundi la vitu vinavyoweza kuwaka vyenyewe, kundi la 4.2, na imepewa namba yake, 1363. Yaani mabaharia wa mataifa mengine walikwisha kuona nazi ikijiwasha, tena mara nyingi kiasi cha kuiandikia kanuni. Niliinakili mistari ile kwa mkono, nikaitafsiri kadiri nilivyoweza, na likizo ilipofika nikavuka kwenda Kirongwe.

Nilimkuta uani, anatengeneza wavu. Nikamwamkia, nikakaa, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atafurahi.

“Mjukuu wangu,” alisema, “mimi nilijua tangu nilipotia mkono mchangani. Na wewe ulijua, nilikushika mkono wako. Hiyo karatasi usinisomee mimi. Wasomee wao.”

Nilikwenda Kilindoni na karatasi yangu. Tajiri alikuwa amekwisha kufariki. Mwenye jahazi aliniambia mambo ya zamani yasifukuliwe. Katika ofisi niliyoingia walisema jalada lilifungwa na halina wa kulifungua. Nahodha peke yake ndiye aliyenisikiliza. Alikuwa Jibondo, ameacha bahari, na aliniomba nakala akaiweka ndani ya msahafu wake. Babu alifariki mwaka uliofuata. Kwenye maziko yake nilisikia vijana wasiokuwa wamezaliwa mwaka 1982 wakinong’onezana kuwa huyu ndiye aliyeliunguza jahazi.

Wote niliowataja hapa sasa ni marehemu, isipokuwa mimi na labda baadhi ya watoto waliopokezwa kwenye kihori usiku ule. Majina yao sikuyaandika, kwa sababu wana wajukuu wanaosalimiana njiani Kilindoni na sitaki waache. Lakini mwenye kuijua habari hii atawatambua, na ni yeye ninayemwandikia. Na wewe unayepakia mbata leo, kwa jahazi au kwa boti ya injini, vunja kipande mbele ya nahodha wako. Kikipinda, kirudishe juani hata kama mnunuzi anakupigia simu kila saa. Ikiwa imekwisha kupakiwa na magunia yana joto, usimshushe mtu ngamani.

Nimengoja zaidi ya miaka 40 kuona kama kuna mwingine atakayelisema. Hakutokea. Basi nalisema mimi, niliyelala na mgongo kwenye lile sanduku: jiko la mpishi wetu lilikuwa baridi. Jahazi liliunguzwa na mbata mbichi, iliyopakiwa na mtu aliyeambiwa kuwa ni mbichi, na damu ya kijana aliyezikwa Kwale haikuwa kamwe juu ya mikono ya mzee wa Kirongwe.